Mkarafuu Usio na Jina

Sura ya kwanza tu ilitaka theluji. Wallahi, theluji! Faili la kwenye simu limeandikwa: "Mpeleke mtoto nje, muviringishe theluji pamoja, aone watu wa kale walivyoishi kwenye baridi." Khairiya akachungulia nje ya jiko, akaona kuku wa mama mkwe wake wanahema midomo wazi kwa jua la Mtambile, Pemba, akacheka peke yake mpaka chai ikafurika ikazima moto.

Sasa huyu Khairiya si mwalimu, usije ukadhani. Kazaliwa Kisiwa Panza kwa wavuvi, kasoma mpaka kidato cha pili, kaolewa huku juu na Silima, na asubuhi anakaanga bagia za kupeleka dukani. Silima mpishi wa hoteli Unguja, anaonekana sikukuu na sikukuu. Wana mtoto mmoja, Yumna, wa miaka kumi, mdomo kama redio, na Yumna ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Akitembea juani kwenda skuli, usiku mifupa inamlilia. Akinyeshewa, safari ya hospitali ya Mkoani hiyo. Mwaka jana alilazwa sana hata walimu wenyewe wakasema, jamani, huyu asomee nyumbani, mitihani atakuja kufanya huku.

Basi hesabu Khairiya akajitutumua. Qur-ani anasomeshwa na bibi yake, Bi Mwatum, mama yake Silima, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba na ndiye mwenye kauli. Ikabaki historia. Historia Khairiya akaipata kwenye simu: kuna grupu la kina mama wanaosomesha watoto nyumbani, wako wa Dar, wa Mombasa, wa Muskati, na mmoja wao alitupia humo mtaala mzima, umetafsiriwa kutoka kwa watu wa nchi za baridi. Ulimlia bando la wiki. Lakini mzuri, una picha!

Na Khairiya akawa anaukatakata kama anavyokata kanga kuwa vitambaa vya jikoni. Theluji ikawa barafu za ubuyu, wakazipasua kwa mchi na kulamba ushahidi. Piramidi wakajenga kwa vifuu vya nazi, likaporomoka, Yumna akasema "basi firauni kafa". Walipofika kwa wafalme mtoto akauliza:

"Mama, hawa wafalme hawana mama zao? Mbona kila mtu kataja baba yake tu?"

"Wewe soma."

"N'nasoma. Lakini si wamezaliwa?"

Raha tupu. Mpaka ikafika sura ya mti wa ukoo.

Sura yenyewe ilikuwa inasema mchore mti ukutani, kila tawi mtu. Yumna akatazama ukuta, akatazama nje.

"Mama, sie si tunayo miti yetu? Tuchore ya nini?"

Na kweli. Kwenye kiambo kile kuna ada. Mtoto akizaliwa, kitovu kikikatika kinazikwa pale pale uwanjani, na juu yake unapandwa mche wa mkarafuu. Mti ule ndio wake maisha yake yote. Karafuu zake haziguswi mpaka mwenyewe aruhusu; wa mtoto mchanga huruhusu mzazi, aliye mbali anapigiwa simu. Silima kila msimu wanampata Unguja katikati ya kukaanga pweza, anapiga kelele, "Chumeni, chumeni bismillahi, n'nangojewa na wageni miye!" Na kitu kimoja kikubwa kuliko vyote: mwenye mti hafukuzwi kiamboni. Agombane na nani, afanye nini, akirudi anawekewa mkeka.

Khairiya hana mti pale. Kitovu chake kiko Panza. Bi Mwatum naye hana, kaolewa vilevile. Ila Yumna anao, mwembamba, umeinamia kidogo upande wa nyumba, na Khairiya kila akiutazama anajiambia, hata mimi wakinichoka, huyu hafukuzwi.

Basi wakakata makopo ya aiskrimu yakawa vibao vyeupe, wakatoboa, wakapitisha uzi wa nyavu, wakamshika Bi Mwatum mkono, wakaanza kuzunguka. Bibi alifurahi kama anakwenda harusini! Huu wa Masoud, mwanangu wa mwanzo, siku aliyozaliwa ilinyesha mpaka kuku wakapanda dari. Huu wa marehemu Saada, binti yangu. Huu wa baba'ako, alikataa ziwa siku nzima, ndo maana mpaka leo mbishi wa kula. Yumna anaandika, anafunga, anaandika, anafunga. Khairiya anapiga picha.

Wakazunguka nyuma ya jiko.

Pale pana mkarafuu mmoja, mkubwa, umegawanyika panda mbili toka chini. Haujawahi kuchumwa. Msimu ukifika karafuu zake zinavimba, zinakuwa nyekundu, zinachanua, zinaanguka zenyewe, na chini panakuwa zulia linalonuka mpaka linakukaba koo. Wachumaji wanaupita mbali. Ami Masoud, kaka yake Silima, anawaambia watoto kuwa kwenye ile panda anakaa jini wa kike, nywele mpaka chini, na hapendi kuulizwa jina.

Yumna akashika kibao. "Bibi, huu wa nani?"

"Huo uwache."

"Wa nani lakini?"

"Wa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Bi Mwatum akawa anatazama miguu yake. Yumna akaupima mti kwa macho, juu, chini, akageuka kuutazama ule wa Masoud kule mbele.

"Bibi, ami si ndo wa mwanzo kuzaliwa hapa? Mbona huu mkubwa kuliko wake?"

Yarabi. Bibi akajivuta ushungi, akasema taratibu, "Ada hii sie tuliikuta," akaingia ndani. Hakutoka mpaka magharibi.

Yumna akafunga kibao kitupu. "Nitakuja kuandika nikijua," akasema, akakaa chini yake akacheka kwa kamera, pengo la jino nje nje. Khairiya akapiga.

Picha ile akaitupia kwenye grupu. Vimoyo vikamiminika, mashaallah, mashaallah, mwalimu hongera, nasi tutafanya kwa miembe yetu. Akalala na tabasamu.

Asubuhi akakuta ujumbe wa pembeni, namba ya nje asiyoijua.

"Assalaam alaykum mwanangu. Huo mti wenye panda uko nyuma ya jiko?"

Akaifungua tena ile picha. Mtoto, shina, majani. Jiko halionekani. Hata moshi wake hauonekani. Akaikuza mpaka ikawa vumbi la rangi tu, hamna jiko.

Akaandika, "Waalaykum salaam. Nani mwenzangu?"

Ikatokea mtu anaandika. Ikaacha. Ikatokea tena. Khairiya kakamata simu kwa mikono miwili, bagia zinaungua.

"Kisima cha ngazi bado kina maji?"

Kisima gani? Miaka yote aliyokaa pale wanateka mferejini, maji ya bomba. Akamwendea Bi Mwatum aliyekuwa kibarazani anachagua mchele.

"Mama, hapa palikuwa na kisima?"

Mkono wa bibi ukasimama ndani ya ungo. "Nani kakwambia?"

"Nauliza tu, mama."

"Kisima kiko chini ya banda la kuku. Tulikifukia. Nani kakwambia, Khairiya?"

Hakungoja jibu. Akaacha ungo pale pale, kuku wakaurukia, akenda kufunga mlango wa nyuma na komeo. Mchana kweupe, joto lile.

Halafu ikaja voisi. Khairiya akaenda kuisikiliza chooni, sauti chini. Mwanamke, mzee, Kipemba chake kizito kuliko cha Bi Mwatum mwenyewe, kile ambacho siku hizi hukisikii ila kwa watu waliokaribia kuondoka duniani.

"Mwanangu, miye Samiha. Nilitoka hapo nimebebwa mgongoni, sijui hata kusimama. Mama'angu kafa huku Muskati, na kila siku alikuwa akinambia, weye Samiha huna kwenu huku, una nti wako kule. Nti wenyewe una panda mbili, upo nyuma ya jiko, penye kisima cha ngazi. Nimetafuta mpaka macho yameota ukungu. Mjukuu wangu yumo kwenye grupu lenu, jana kanionesha. Nakuja, inshallah. Musinipikie kitu, miye ntu wa kawaida tu."

Mwisho alicheka kidogo, kicheko kizuri cha bibi wa mtu. Hicho kicheko ndicho kilichomsimamisha Khairiya nywele.

Akampigia Silima. Silima anasikika na masufuria yake nyuma, anatania, bibi mwalimu vipi, leo firauni gani? Khairiya akamweleza ile picha, akamwambia na jina. Samiha. Silima akatoka jikoni, masufuria yakabaki nyuma ya mlango.

"Silima?"

"Futa hiyo picha."

"Watu wote wameshaiona. Huyu nani?"

"Khairiya mke wangu, futa. Na usimjibu. Nampigia kaka."

Masoud alikuja mchana ule ule kwa pikipiki, hakuvua hata kofia ya chuma. Ni fundi seremala, mtu mzima, mpole kwa kawaida, anamletea Yumna vipande vya mbao achezee. Siku ile alipita mbele ya mtoto kama anapita mbele ya nguzo.

"Shemegi, umetuuza."

"Shikamoo, shemegi."

"Marahaba. Umetuuza! Nani kakwambia uende ukafundishe mambo ya watu? Si kuna wafalme humo kwenye simu? Si kuna vita? Fundisha vita!"

"Mtaala umesema ukoo."

"Mtaala!" Masoud akacheka bila kuonyesha meno. "Aliyeandika huo mtaala anakaa wapi? Tukifukuzwa hapa, atafukuzwa naye?"

Ndipo yakamtoka. Baba yao, marehemu Vuai, hakuwa wa hapa. Alitoka bara, kijana, akaja kuchuma karafuu za bwana mmoja mwenye shamba, akawa msimamizi, akamuoa Bi Mwatum. Ikaja miaka ile ya mapinduzi, watu walipokuwa wakiondoka. Bwana yule akaondoka na mkewe na kitoto kichanga cha kike. Alichosema ni kimoja: Vuai, nishikie, nikirudi mimi au mtoto utanipa. Vuai akaitikia. Vuai akashika. Akazaa, akaona ada ya mabwana zake nzuri, akazika vitovu vya wanawe palepale, mmoja, wa pili, wa tatu. Bwana hakurudi.

"Baba siku anakufa alitushika mikono hii," Masoud akasema, "akatwambia yule mtoto akija mpeni. Mpeni! Sie tukasema ndiyo, maana nani angekuja? Na hapa hatuna karatasi, shemegi. Tuna ulimi tu. Nyumba hii, hii alojenga mumeo kwa kukaanga pweza miaka yote, imekaa juu ya ulimi. Huyo akikanyaga hapa akasema huu nti wangu, wewe na mwanao mwende wapi? Panza? Yumna akiumwa usiku, utapiga kasia mpaka hospitali?"

Hilo ndilo Khairiya alilokuwa akilifikiria toka alipokuwa chooni.

Bi Mwatum alikuwa kasimama mlangoni muda wote. "Nilimbeba miye siku ya mwisho," akasema. "Mamaake alikuwa anafunga mizigo, mtoto analia, nikambeba. Amana haiozi, Masoud."

"Mama, tafadhali."

"Haiozi, nakwambia. Hata ukiifukia kama kisima, ipo."

Masoud akachukua kile kibao kitupu, alikuwa kaking'oa alipokuwa anapita, akakiweka mezani mbele ya Khairiya pamoja na kalamu. Sasa sauti yake ikawa ndogo, ya kubembeleza, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

"Andika Masika. Ndugu yetu, alizaliwa kabla yangu, akafa mchanga. Ndo maana nti mkubwa, ndo maana hatuuchumi, huzuni. Kila kitu kinakaa sawa. Mtoto atasoma hivyo, jirani watasikia hivyo, huyo bibi akija atakuta hivyo. Nani wa kubisha? Kwani hizo historia za wafalme waliandika nani, si wenyewe waliobaki?"

"Na mama?"

"Mama hatasema kitu."

Khairiya akamtazama mkwewe. Bi Mwatum akageuza uso.

Akaandika. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, herufi sita, zikakauka mara moja.

Jioni Yumna akakikuta kibao kimefungwa. "Mama! Umejua! Masika nani?"

"Ami yako. Alikufa mdogo."

"Mbona bibi hakunambia?"

"Alisahau. Bibi mtu mzima."

"Na jini?"

"Hamna jini."

Akamjibu kwa sauti ileile ya kufundishia, ileile ya piramidi na barafu. Na mtoto akaamini, akaandika kwenye daftari lake, akachora na kaburi dogo, akapaka rangi. Siku zilizofuata akawa anayarudia hayo kama sura ya Qur-ani, huu wa ami Masika, alizaliwa akafa mchanga, Mungu amrehemu. Kila akisema, Bi Mwatum anasogeza sahani. Akawa hali. Anasema tumbo.

Na huku ujumbe unaingia. "Nimepata ndege." Khairiya hajajibu. "Nimefika Unguja, mvua kidogo." Hajajibu, lakini kasoma, na yule kule anaona kasoma, zile tiki za buluu hazina siri. "Kesho boti." Msimu ulikuwa umepamba moto, majamvi ya karafuu yametandazwa mpaka barabarani, kiambo kizima kinanuka, na ule wa nyuma ya jiko ulianza kuangusha zake. Khairiya akikaa jikoni anazisikia juu ya bati. Ta. Ta ta. Kama mtu anabisha hodi na kidole kimoja.

Alikuja mchana, wachumaji wakiwa juu ya miti. Gari ya Mkoani ikasimama, akashuka bibi mmoja mfupi wa abaya, na sanduku la magurudumu lililokuwa likigoma kwenye mizizi. Kubwa. Hilo Khairiya aliliona kwanza kabla ya uso. Sanduku la mtu wa kutembea wiki haliwi kubwa hivyo.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," Masoud akaitikia toka kibarazani. Alikuwa kaacha kazi siku ya tatu ile, anamngojea. "Karibu bibi, utakuwa umepotea."

"Sijapotea mwanangu. Nimechelewa."

Kabla mtu hajasema, Yumna yule! Mgeni kwake ni Idi. Akamkimbilia, akambusu mkono. "Shikamoo bibi! Wewe ndo wa kwenye grupu? Umekuja kuona miti yetu? Miye ndo niliandika vibao. Njoo nikutembeze, ni somo langu la historia, najua yote."

"Marahaba, roho yangu. Nitembeze."

Masoud akatoa ishara ya macho kwa Khairiya: mwache. Wakafuata nyuma, wote, kama wanaosindikiza jeneza. Yumna anaeleza na mikono, huu wa ami huyu hapa, siku aliyozaliwa kuku walipanda dari; huu wa baba, mbishi wa kula; huu wangu, umeinama lakini utanyooka. Bi Samiha anasikiliza kila mmoja, anasema mashaallah, anagusa shina kwa kidole. Hana haraka hata kidogo. Juu wachumaji wameacha kuimba.

Wakafika nyuma ya jiko.

Bibi yule akasimama. Akautazama mti mpaka ushungi ukamteleza nyuma, na nywele zake za mvi zikashuka mgongoni, ndefu, mpaka kiunoni. Yumna akamtazama zile nywele. Akatazama panda. Akasogea karibu na mama yake kidogo, lakini somo ni somo.

"Na huu wa ami Masika. Alizaliwa wa mwanzo, akafa mchanga. Mungu amrehemu."

"Amin," akasema Bi Samiha. Kisha akauliza kwa upole, "Kaburi lake liko wapi, roho yangu, nimsomee fatiha?"

Yumna akafungua mdomo. Daftari lake lina kaburi, kalipaka rangi, lakini halikusema wapi. Akageuka. "Mama, liko wapi?"

Wote wakamgeukia Khairiya. Masoud, uso mgumu kama ubao. Bi Mwatum, ushungi mdomoni. Na yule mgeni, ambaye macho yake hayakuwa na hasira hata chembe, afadhali yangekuwa nayo.

Khairiya alifikiria nyumba. Wallahi alifikiria bati, na vitofali, na mwendo wa hospitali. Halafu akaona mwanawe anangoja, kalamu sikioni, tayari kuandika lolote atakaloambiwa. Lolote.

"Halipo," akasema. "Masika hayupo, mwanangu. Hakuzaliwa mtu wa jina hilo hapa. Nilikudanganya. Mti huu wa Bi Samiha, huyu. Na shamba hili babu yako alishikishwa na baba'ake."

"Shemegi!" Masoud akapiga ukuta wa jiko, masizi yakamwagika. "Mnaona? Mnaona sasa?" Akamgeukia mgeni. "Haya sema, umekuja kudai?"

"Sikuja kudai kitu."

"Umekuja kufanya nini basi na sanduku lote hilo?"

"Nimekuja kuchuma," akasema Bi Samiha. Akainua mkono, akalivuta tawi la chini. "Kwani mumekula nini cha ntu, mukaniogopa hivi?"

Bi Mwatum alikuwa kakaa chini, analia na kusema alhamdulillahi, alhamdulillahi, Vuai, amana imerudi, huku Masoud anawasha pikipiki huko mbele kwa teke, inakataa, anapiga tena. Bi Samiha akachuma shada moja, akalivunja na kunusa. Kisha akasema, kama jambo dogo tu, kwamba amechoka na boti, na angependa kuwekewa mkeka. Mwenye mti hafukuzwi. Khairiya mwenyewe akautandika.

Hayo yalikuwa katikati ya msimu. Sasa msimu unakwisha na mkeka haujakunjwa.

Si mtu mbaya, hapana. Anamsomesha Yumna Kiarabu, anamkanda miguu kwa mafuta mtoto akiumwa, anamwambia Khairiya "mwalimu" mbele ya majirani, na wala halijamtoka neno moja la shamba. Silima kapiga simu akaongea naye, akakata akiwa hajui kaongea nini. Masoud haji tena. Inasemekana anatafuta mwanasheria Chake Chake, na inasemekana yupo mtu kule Unguja anayemuuliza Bi Samiha atauza lini. Yeye anacheka. Kile kicheko.

Ila kila asubuhi, akishasali, anachukua ufagio. Siku ya kwanza alifagia chini ya mti wake. Siku ya pili akazunguka jiko. Hakuna aliyemwomba, na kwenye kiambo anayefagia uwanja si mgeni, kila mtu Pemba anajua hilo, mgeni hafagii. Ufagio ukafika kwenye mti wa Silima. Ukafika kwenye wa marehemu Saada. Kila siku hatua kidogo mbele, mistari imenyooka mchangani, mizuri, hamna hata jani.

Leo Khairiya kaamka na kuusikia ufagio karibu mno. Akafungua mlango. Bi Samiha yuko chini ya mkarafuu wa Yumna, ameinama, anafagia.

"Umeamkaje, mwalimu?"

"Salama, bibi. Wewe je?"

"Alhamdulillahi. Nti huu umeinama, lakini una afya."

Khairiya akasimama kizingitini. Ndani Yumna anaita, mama, leo tunasoma sura gani? Hakumjibu. Akavaa kandambili, akaingia jikoni, akauchukua ufagio wake nyuma ya mlango, akashuka uwanjani, akaanza kwenye ngazi ya nyumba kuja mbele. Hakuangalia juu. Bi Samiha naye hakuangalia. Wakawa wanafagia hivyo, mmoja toka huku, mwengine toka kule, na ule mchanga ambao haujafagiwa katikati yao unazidi kuwa mwembamba.